Injini inayokula ikiona njaa

Pa! Fwu, fwu, fwu, fwu, fwu, fwu, fwu, fwu. Pa! Fwu, fwu, fwu…

Aliyekulia jirani na mashine ya kusaga akisikia mlio huu atasema injini inakata roho. Masikio yake yamezoea Lister ya dizeli, ile 6/1 (nguvu za farasi 6, silinda moja) inayokwenda mizunguko 650 kwa dakika, tuku-tuku-tuku bila kupumzika, inayowaka kila mizunguko miwili, mahindi yawemo au yasiwemo. Hii nyingine inalipuka mara moja, inazunguka kimya mizunguko kumi na zaidi kwa uzito wa flaiwili zake, yale magurudumu mazito ya pembeni, halafu inalipuka tena. Haina ugonjwa wowote. Wamarekani, waliozitengeneza kwa wingi kuliko watu wote, waliziita hit-and-miss, yaani kupiga na kukosa. Kwa Kiswahili jina hilo linaionea injini, maana aliyekosa ni yule aliyelenga. Hapa hakuna aliyelenga akakosa: injini inauruka mlipuko kwa sababu haiuhitaji. Kwa hiyo mimi nitaiita piga-ruka.

Watu hulipia pesa nzuri chuma hiki chenye umri wa miaka mia, wakakipakia kwenye trela na kukaa nacho siku nzima kwenye maonyesho kikizunguka bila kufanya kazi yoyote. Wengi wakiulizwa sababu wanataja mlio. Mlio ni mzuri, sikatai. Lakini kinachomfunga mtu asiondoke ni kipande kimoja cha chuma chenye ukubwa wa kidole gumba, ambacho kila baada ya mizunguko miwili kinaamua kitu mbele ya macho yako.

Komeo

Anza na vali. Piga-ruka ni injini ya silinda moja, mara nyingi iliyolala, yenye hatua nne zilezile za gari lako: kuvuta, kugandamiza, kulipuka, kutoa moshi. Lakini vali zake mbili hazifanani kazi. Ya ekzosi inasukumwa na fimbo ndefu kutoka kwenye kemu (kinundu kinachozunguka), kama kawaida. Ya kuingiza haisukumwi na chochote. Imeshikwa na springi dhaifu, unaweza kuibonyeza kwa kidole, na hufunguka tu pale pistoni inaporudi nyuma na kuacha ombwe ndani ya silinda. Bila ombwe haifunguki, na isipofunguka hakuna petroli inayoingia.

Sasa gavana (wa injini, si wa kaunti). Kwenye flaiwili moja kuna vizito viwili vilivyofungwa springi. Mwendo ukizidi, vizito vinatanuka na kusukuma bushi iliyo kwenye shafti ya krenki, mhimili mkuu unaobeba flaiwili. Bushi inasukuma mkono, na mkono unalisogeza komeo, kile kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kuelekea kwenye ile fimbo ya ekzosi. Fimbo ina jino la chuma kigumu. Kemu inapoisukuma fimbo mpaka mwisho wa safari yake, komeo linaanguka nyuma ya jino na kuizuia isirudi. Kuanzia hapo vali ya ekzosi imebaki wazi. Pistoni inakwenda na kurudi, inapumua kupitia bomba la moshi, ombwe halipatikani, vali ya kuingiza inalala, petroli haitoki tangini. Huko ndiko fwu, fwu, fwu zinakotoka. Kwenye injini nyingi kifyatulio cha cheche nacho kinaendeshwa na fimbo hiyohiyo, kwa hiyo hata betri inapumzika.

Mwendo ukishuka, vizito vinajikunja na komeo linavutwa kutoka kwenye jino. Lakini haliwezi kutoka wakati wowote linapotaka, maana springi ya ekzosi imelibana. Linasubiri kemu ipite na kuisukuma fimbo kidogo zaidi ya pale ilipozuiwa, kiasi cha milimita moja hivi, na katika nafasi hiyo ndogo mbano unalegea na komeo linaachia. Vali inafunga, pistoni inavuta, vali ya kuingiza inafunguka kwa mlio wa “chup”, mchanganyiko unagandamizwa, cheche, pa! Flaiwili zinapata msukumo, mwendo unapanda, komeo linarudi kazini.

Ile milimita moja ndiyo ya kwanza kuangaliwa injini ikianza vituko. Ikiwa ndogo mno, komeo linatoka kwa kukwaruza, kingo zinalika na kuwa za mviringo, na hapo linaanza kuteleza. Ikiwa kubwa mno, fimbo inagonga jino kila inaporudi, na utausikia mgongano huo. Kingo zikishalika, zinolewe mraba kwa jiwe la mafuta, taratibu, bila kula ule ugumu wa juu wa chuma. Zikiwa zimelika sana, jino linajazwa kwa kuchomelea na kutengenezwa upya.

Kwa nini waliziunda hivi

Si kwamba hawakujua throtli, yaani kibanio cha njia ya hewa inayoingia. Injini ya throtli ikiwa na kazi ndogo hubanwa pumzi: pistoni inavuta hewa kupitia njia iliyozibwa nusu, na kuvuta huko kunakula nguvu. Piga-ruka haibanwi. Inapokula, inakula sahani nzima, silinda imejaa, mgandamizo kamili. Inapopumzika, vali iko wazi na inapumua bure. Kwa kazi ya shambani, ambako injini ya nguvu za farasi 3 inaweza kuzungusha pampu inayohitaji moja tu, mpango huu ulibana petroli vizuri. Na ulikuwa wa bei ndogo: kabureta ni bomba lenye sindano moja, vali ya kuingiza haina kemu wala fimbo.

Ina mahali inaposhindwa. Ukiifunga dainamo, taa zinapepesa kila inapolipuka, ndiyo maana kazi ya umeme ilipewa injini za throtli zenye flaiwili nzito zaidi. Na mafuta ya taa haiyapendi. Mafuta ya taa yanahitaji silinda yenye moto ili yageuke mvuke, na injini inayoruka milipuko minane inapoa katikati. Fairbanks-Morse wa Beloit, Wisconsin, walipotaka Model Z yao, iliyotoka 1914, iweze kutumia mafuta ya taa, walikwenda kwenye throtli.

Wengine wa kukumbukwa: International Harvester; Hercules wa Evansville, Indiana, ambao injini zao ziliuzwa na Sears kwa jina la Economy; Witte wa Kansas City; Fuller & Johnson wa Madison. John Deere waliinunua kampuni ya Waterloo Gasoline Engine mwaka 1918, na kuanzia 1923 wakauza Model E ya nguvu 1½, 3 na 6, ambayo krenki yake imefunikwa ikioga mafuta. Waliitengeneza hadi 1946. Kufikia hapo mchezo ulikuwa umekwisha: serikali ya Marekani ilianza kusambaza umeme vijijini mwaka 1935, injini ndogo za kupozwa kwa hewa zilikuwa nyepesi kwa mbali, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia piga-ruka nyingi zilikwenda kwenye vyuma chakavu.

Birika la maji

Juu ya silinda kuna birika la chuma, wazi kama sufuria isiyo na kifuniko. Hakuna pampu, feni wala rejeta. Maji yanachemka na mvuke unapaa, basi. Anayeona hivyo mara ya kwanza huchukua ndoo kukimbilia kuipoza. Atulie. Kuipandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunachukua kama kilojuli 314; kuigeuza mvuke kunachukua karibu 2,260, zaidi ya mara saba. Kuchemka ndiko kupoza kwenyewe, na maadamu maji yapo, ukuta wa silinda hauwezi kwenda mbali na nyuzi 100. Unachoongeza ni maji kidogo kidogo, yasishuke chini ya silinda. Usimwage ndoo ya maji baridi kwenye birika lililokauka na kupata moto, utapasua chuma cha kusubu.

Lakini muuaji mkuu wa injini hizi ni barafu. Huko Marekani na Uingereza, aliyesahau kumwaga maji usiku mmoja wa baridi kali aliamka na birika lililopasuka ubavuni. Ufa wa nje ya birika unashonwa au unazibwa na maisha yanaendelea. Ufa ndani ya silinda ni msiba mwingine: moshi mweupe usiokoma, maji kwenye mafuta, na kazi ya kutia silinda ya ndani. Kwa hiyo ukienda kununua, beba tochi, chungulia ndani ya birika kabla hujaangalia rangi. Rangi mpya nene iliyopakwa hadi ndani ya birika inanitia wasiwasi kuliko kutu.

Iliyokwama

Nyingi zinapatikana zimekwama, pistoni imeshikana na silinda kwa kutu. Mtu mwenye haraka hushika spoku za flaiwili na nyundo. Flaiwili ni chuma cha kusubu. Kinavumilia kubanwa, hakivumilii kugongwa wala kuvutwa. Spoku moja ikivunjika, bei ya injini imeanguka nusu, na flaiwili iliyopata ufa kwenye kitovu haifai kuwashwa tena kabisa. Nguvu inayoivuta iraruke inakua kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, mvuto unakuwa mara nne.

Fanya hivi. Fungua konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki, ili pistoni iwe peke yake. Toa kichwa cha silinda, na lowesha gasketi ya zamani kabla ya kuikwangua kwa sababu nyingi zina asbesto, vumbi lake usilivute. Safisha kutu yote kwenye sehemu ya silinda ambayo pistoni itapita, ing'ae kabisa; watu wengi wanaisukuma pistoni juu ya kutu na kushangaa inakwama tena baada ya sentimita mbili. Simamisha silinda ukiweza, mimina asetoni na mafuta ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, ufunike kwa sababu asetoni inaruka, tena mbali na moto wowote. Ongeza kila siku. Wiki mbili si nyingi. Kisha gogo la mti mgumu lililochongwa kukaribia upana wa silinda, na nyundo nzito kwa mapigo mafupi. Isogee milimita moja kwenda upande mmoja, irudishe, iende tena. Ukiona inasogea, vita vimekwisha, usiongeze nguvu.

Kuna injini zisizo na kichwa cha kufungua, kama ile Z ndogo ya nguvu 1½ ambayo kichwa kimesubiwa pamoja na silinda. Hapo gogo halina pa kupita. Njia yake ni grisi: ziba vali, funga nipo (chuchu ya kupitishia grisi) kwenye tundu la plagi, pampu grisi kwa bunduki yake mpaka pistoni itoke yenyewe. Pampu polepole na usimame pembeni. Bunduki ya grisi ya mkono inaweza kutoa shinikizo la kupasua silinda, na watu wameshapasua.

Flaiwili nazo zimeshikwa na kabari yenye kichwa, iliyopigwa kati ya shafti na kitovu. Kuivuta kabari kwa nguvu ni kuvunja kichwa chake na kubaki na mwili ndani. Ujanja ni kuanza kinyume: piga msasa shafti upande wa ndani, karibu na beringi, ing'ae, tia mafuta ya kupenya, kisha usukume flaiwili *kuelekea* injini badala ya kuivuta nje. Kabari ni nene upande wa kichwa, kwa hiyo kitovu kikisogea ndani hata milimita mbili, kabari imelegea na inatoka kwa kupigilia kabari mbili ndogo nyuma ya kichwa chake.

Beringi ni za babiti, mchanganyiko laini wenye bati, antimoni na shaba. Zimekaa nusu mbili, na katikati ya nusu hizo kuna vibati vyembamba. Beringi ikilika unatoa kibati kimoja kila upande, unakaza, unazungusha. Kwa shafti ya milimita 40 nafasi ya milimita 0.05 hivi inatosha. Ukikaza mpaka flaiwili inasimama ghafla badala ya kuzunguka ikitulia polepole, umezidisha, na babiti itayeyuka. Ringi za pistoni ziachiwe mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.4 kwa silinda ya milimita 100. Ringi za zamani zilizonasa kwenye mifereji yake mara nyingi ni nzima; zilowekwe, zisichokonolewe, chuma hicho hukatika kama biskuti.

Cheche

Injini nyingi za kale hazina plagi. Zina kiwashio: ncha mbili za chuma ndani ya silinda, moja imetulia, nyingine inageuka kidogo. Zinagusana, umeme wa betri ya volti 6 unapita kwenye koili ya waya mzito uliozungushwa kwenye kiini cha nyaya za chuma, kisha kifyatulio kinaziachanisha ghafla. Koili haikubali umeme wake ukatwe ghafla, na hasira yake ndiyo cheche. Kwa hiyo kinachotawala ukali wa cheche ni kasi ya kuachana. Springi ya kifyatulio ikichoka, ncha zinaachana kivivu na cheche inakuwa hafifu hata betri iwe mpya.

Ncha iliyotulia imetengwa na mwili kwa washa za ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru. Ulanga ukiloa mafuta na masizi, umeme unapita pembeni bila kusubiri ncha. Kipime kwa mita kiwashio kikiwa nje na ncha zimeachana: kati ya ncha iliyotengwa na mwili pasiwe na njia hata kidogo. Kisha kiegemeze kwenye injini, unganisha waya, fyatua kwa kidole mbali na harufu ya petroli. Unataka cheche nene. Na weka swichi kwenye waya wa betri, maana injini ikisimama ncha zikiwa zimegusana, koili inachemka na betri inakufa usiku huohuo.

Nyingine zina magneto, inayojitengenezea umeme wa cheche bila betri, Wico EK ikiwa maarufu kuliko zote, au plagi ya kawaida na koili ya mtetemo ya Ford Model T. Zote ni nzuri. Mimi napendelea kiwashio kwa sababu unaweza kukiona kinavyofikiri, lakini anayetaka kuwasha asubuhi na kwenda zake achukue Wico.

Kuiwasha

Petroli yoyote safi inatosha. Uwiano wa mgandamizo ni kama 4 kwa 1, oktani ya juu ni pesa bure. Iliyochanganywa ethanoli isilale tangini, inavuta maji na kutoboa bati. Jaza kidondoshi cha mafuta kilicho juu ya silinda, oili ya SAE 30 isiyo na mbwembwe, na ukifungue matone 10 hadi 15 kwa dakika kwa injini ndogo. Usipokifungua hakuna kitu kingine kinacholainisha pistoni. Vikombe vya grisi kwenye krenki na konrodi vipewe zungusho moja, na tena kila baada ya saa moja ya kazi.

Rudisha cheche nyuma, yaani iwake kwa kuchelewa. Wakati wa kazi inawaka kama nyuzi 20 za mzunguko wa krenki kabla ya pistoni kufika mwisho, lakini ukiwashia hapo kwa mkono, flaiwili inaweza kurudi nyuma na mkono wako. Fungua sindano ya petroli mzunguko mmoja, ziba mdomo wa hewa kwa kiganja, zungusha mara mbili mpaka uone petroli, achia, zungusha tena kwa nguvu. Shika ukingo wa nje wa flaiwili, usiingize mkono kati ya spoku. Na kile kichwa cha kabari kinachotokeza kwenye kitovu ni ndoana inayozunguka: kanzu, kanga, mtandio na mikono mirefu ya shati vikae mbali.

Ikishika, peleka cheche mbele, subiri maji yapate moto, kisha funga sindano polepole mpaka ianze kulipuka kidhaifu, urudishe nyuma robo ya robo. Moshi mweusi, petroli imezidi. Wa bluu, oili imezidi. Ikipiga chafya kupitia mdomo wa hewa, petroli ni chache: mchanganyiko mwembamba unaungua polepole hadi vali ya kuingiza inafunguka na kukuta moto bado upo.

Kuisikiliza

Isiyo na mzigo, injini nzuri inapiga mara moja, inaruka mizunguko mingi. Ikipiga mara mbili mfululizo kila zamu, pigo la kwanza ni dhaifu au komeo limeteleza. Angalia kingo za komeo, halafu sindano, halafu vali.

Wakati wa fwu-fwu vali ya kuingiza inapaswa kuwa kimya kabisa. Ukisikia inatetema, chik-chik-chik, springi yake imelegea mno. Ombwe dogo lililopo linaifungua, petroli inaonjwa kidogo kidogo na kutupwa kwenye bomba. Utainusa, na pigo linalofuata litaiwasha bombani kwa mshindo wa mzinga. Springi ikiwa kali kupita kiasi, injini inavuta nusu ya chakula chake na kupiga bila nguvu. Iliyolegea inyooshe, iliyo kali ikate robo pete kila mara, usinunue ya dukani ukaikisia.

Kasoro inayowasumbua wengi ni hii: injini inavuta, unasikia “chup”, lakini hailipuki, inavuta tena, inalipuka kwa moshi. Wanahangaika na cheche wiki nzima. Tangi liko chini ya injini, na petroli inapandishwa na mvuto wa pistoni. Ili isirudi chini wakati wa kuruka, kwenye bomba kuna goroli inayokaa juu ya kiti chake. Goroli ikivuja, baada ya mizunguko minane petroli imeshateremka, mvuto wa kwanza unaleta hewa tupu. Kuthibitisha, jaza tangi mpaka juu. Ikipona, ni goroli. Ifungue, isafishe, iweke kwenye kiti na igongwe mara moja kwa kipande cha shaba, kidogo tu, kiti kijichonge upya.

Mwanya wa fimbo ya ekzosi uwe unene wa kadi injini ikiwa ya moto. Pasipo mwanya vali haifungi, mgandamizo unapotea, na utadhani ringi zimekwisha.

Mwendo wa polepole

Zilitengenezwa kwenda 400 hadi 600 kwa dakika. Kwenye maonyesho, kama yale ya Portland, Indiana, kila Agosti, mashindano yasiyoandikwa ni nani ataipunguza zaidi: 200, hata chini yake. Unalegeza springi za gavana, na injini inaonekana inaelea. Ni jambo la kupendeza, ila cheche lazima irudishwe nyuma pamoja na mwendo. Mchanganyiko unaungua kwa muda uleule, lakini krenki sasa inakwenda taratibu. Cheche ya mapema inaisukuma pistoni kabla haijafika, na babiti ndiyo inayopokea kipigo.

Mimi napenda zaidi kuiona na mzigo. Funga mkanda bapa kwenye mashine ya kupukuchua mahindi au ya kutengeneza aiskrimu. Hesabu ni moja: kipenyo cha puli ya injini mara mizunguko yake ni sawa na kipenyo cha puli ya mashine mara mizunguko yake. Injini ya 450 yenye puli ya inchi 6, na mashine unayoitaka iende 150, basi puli ya inchi 18. Tupia hindi la kwanza na usikilize. Fwu zinapungua, tano, tatu, moja. Ukijaza kabisa inapiga kila mizunguko miwili, komeo limekaa pembeni halina kazi. Gunzi la mwisho likitoka, komeo linarudi.

Kuizima, funga sindano, si swichi, ili petroli iliyobaki iungue. Funga kidondoshi, maana hakijui kwamba injini imesimama na kitaendelea kudondosha mpaka kiishe. Fungua bomba la birika, maji yatoke yote, chokoa tundu kwa waya kama kutu imeliziba. Kisha zungusha flaiwili kwa mkono mpaka usikie pistoni inaanza kugandamiza. Hapo vali zote mbili zimefungwa na unyevu wa usiku hauingii ndani ya silinda. Iache hapohapo, na uweke kopo juu ya bomba la moshi.